Swali la kwenye gishe: kuisoma tena barua ya Askofu Kabanga



Kuna barua moja ambayo sisi watu wa Lubumbashi tunapenda kuitaja kuliko kuisoma. Ni barua ya kichungaji ya Askofu Mkuu Eugène Kabanga, aliyowaandikia waamini wake mwezi wa Machi 1976, yenye jina la Kifaransa Je suis un homme, maana yake "Mimi ni mtu". Tunaitaja kwenye mahubiri, kwenye konferansi za vijana, hata kwenye kampeni za uchaguzi. Kipande kinachotajwa ni kile kile kila mara: kwamba kiu ya makuta inageuza watu kuwa wauaji. Watu wanapiga makofi, wanasema "nabii huyu!", kisha kila mmoja anarudi kwenye biro yake, na kwenye biro mambo yanaendelea vile vile.

Leo nataka kuisoma kwa heshima, lakini kwa ukali kidogo pia. Mimi, kama wengi wenu, ninaijua zaidi kwa vile vipande virefu ambavyo watu wa historia wamevinakili kila wanapoandika juu ya Zaire ya miaka ile. Vinatosha kwa kazi hii. Swali langu ni hili: kama barua hii ilikuwa kweli ya kukataa kufuata dunia, jinsi mtume Paulo alivyowaomba Waroma katika sura ya 12, basi ilikataa kitu gani hasa? Juu ninaona tumeipa sifa kwa jambo ambalo si lake, na lile lililo lake tumelipita pembeni.

Tuanze na wakati wenyewe. Mwaka 1976 mkoa wetu uliitwa Shaba. Bei ya shaba yenyewe ilikuwa imeanguka tangu 1974, na Gécamines njo ilikuwa tumbo la inchi nzima. Mwezi huo huo wa Machi pesa ya zaire ikashushwa thamani. Miaka miwili na kitu mbele ya hapo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alikuwa ametangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapita mikononi mwa wazalendo. Wagriki, Wareno na Wahindi walinyang'anywa, na waliopewa wakawa wakubwa wa chama na jamaa zao. Duka la kijijini lililouza chumvi na sabuni likapata bwana mpya ambaye aliuza stoki yote, akafunga mlango, akaenda Kinshasa. Kwa redio hilo liliitwa ushindi wa taifa.

Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kupigwa. Universite ya Lovanium ilichukuliwa na serikali mwaka 1971. Mwanzo wa 1972 majina ya kikristo yakakatazwa kwa jina la otantisite, na Kardinali Malula wa Kinshasa alipoonekana kupinga, akafukuzwa kwenye nyumba yake, akabaki Roma miezi kadhaa mpaka aliporuhusiwa kurudi. Mwaka 1974 shule za dini zote zikataifishwa, Noeli ikatolewa kwenye siku za mapumziko, na waziri wa mambo ya ndani, Engulu, akasema mbele ya watu kwamba Mobutu ndiye masiya wa Wazairwa na chama cha MPR ndilo kanisa lao.

Ugomvi huu tunaukumbuka vizuri. Hata shuleni tumeusikia. Unatupendeza kwa sababu uko wazi: huku bendera, huku msalaba, na mtu katikati anayeteseka. Mji wetu wenyewe una kumbukumbu ya zamani zaidi ya namna hiyo. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Élisabethville, na hapa akafa tarehe 12 Oktoba 1951 baada ya miaka thelathini ya gereza. Kila mwaka tarehe 6 Aprili tunapumzika kazi kwa ajili yake. Mimi sipingi. Ninasema tu kwamba kukataa dunia kwa namna ya Kimbangu au ya Malula hakutuombi sisi kitu. Hakuna anayetaka kumfunga msomi wa leo kwa sababu ya jina la ubatizo. Tunaweza kuwapenda mashahidi wale na kubaki jinsi tulivyo.

Barua ya Kabanga haiko hivyo.

Angalieni jina lake kwanza. Halina Mungu ndani, halina Kristo, halina Kanisa. Kwa askofu mkuu, na baada ya miaka minne ya kupigwa, hilo si jambo dogo. Mwaka ule hukuitwa bwana wala bibi, uliitwa sitwayeni. Mwanachama wa MPR hukuomba kuwa. Ulizaliwa nacho, kama vile mtu anavyozaliwa na pua. Koti na tai vilikuwa kosa, ulivaa abakosti. Asubuhi shuleni watoto waliimba na kucheza kwa kumsifu Kiongozi. Katika mazingira hayo askofu angeweza kujibu "Mimi ni Mkatolika", na wengi wangemwelewa haraka. Lakini hilo lingekuwa bendera mbele ya bendera, chama mbele ya chama. Yeye akachukua neno lililo chini ya yote mawili. Mbele ya kuwa Mzairwa, mbele ya kuwa mwanachama, hata mbele ya kuwa mtu wa parokia fulani, mimi ni mtu. Ninavyosoma mimi, hapo ndipo alipougusa uzalendo wa wakati ule kwa undani kuliko kama angepigania majina. Otantisite ilidai kukurudishia utu wako, lakini utu wenyewe ulipitia kadi ya chama.

Rafiki zangu walioacha misa (nina wengi, na baadhi yao ni waaminifu kuliko sisi tunaokaa viti vya mbele) huniambia: unaona, barua hii inasimama bila Mungu, ni utu tu, haki za binadamu tu. Ninakubali nusu. Ni kweli kwamba mtu asiye na dini anaweza kuvisoma vile vipande bila kujikwaa. Lakini jiulizeni, mwaka 1976 pale Shaba, kitu gani kingine kilisema kwamba mtu asiye na makuta ana thamani? Soko halikusema. Chama hakikusema. Ukoo wenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi ulihesabu watoto kwa kile wanacholeta nyumbani. Na leo? Fungueni simu. Kijana anapimwa kwa viatu, kwa gari alilopigia picha, kwa meza ya bar iliyojaa chupa. Tunaita hiyo "kuwa mutu". "Yule amekuwa mutu", banasema, wakimaanisha amepata franga. Yaani bila franga bado hajawa. Kwa lugha yetu ya kila siku tumeandika kinyume kabisa cha jina la ile barua, na hakuna serikali iliyotulazimisha. Ili kusema "mimi ni mtu" mahali ambapo kila kitu kina bei, ni lazima usimame mahali fulani nje ya soko. Mkristo husimama kwenye Mwanzo sura ya kwanza, kwenye mfano wa Mungu. Asiyetaka kusimama hapo anionyeshe anaposimama, nitamsikiliza.

Sasa mwili wa barua. Nguvu yake iko kwenye maswali. Kwa nini kwenye mahakama zetu mtu hapati haki yake mpaka amlipe mwamuzi? Kwa nini wafungwa wamesahauliwa gerezani? Ni kwa sababu hawana ndugu wa kumlipa yule mwenye dosie. Kwa nini kwenye biro za serikali mtu anaambiwa rudi kesho, rudi kesho kutwa? Kwa nini shule zikifunguliwa wazazi wanaingia deni ili wamhonge direkteri? Kwa nini dawa hazipo hospitali lakini zipo sokoni, na zilifikaje huko? Haya ni maneno yangu, nimeyafupisha, lakini maswali ni yake. Maswali yanagusa mahakama na hata kitanda cha mgonjwa, na kila swali lina mtu wawili ndani: mmoja amesimama na mmoja ameketi. Mmoja yuko mbele ya gishe na mmoja yuko nyuma.

Tazameni nani hayumo kwenye vipande hivyo. Mobutu hayumo. Wageni hawamo. Mbelgiji hayumo. Mwaka ule kila hotuba ilikuwa na mbeberu ndani yake, na askofu anaandika juu ya mateso ya watu bila kumtafuta mbeberu. Wengine wameona hapo uoga: angemtaja mkubwa kwa jina. Nami nilifikiri hivyo nilipokuwa kwenye kandidatura, wakati kila kitu kilikuwa rahisi. Leo ninaona kwamba kumtaja mkubwa kungekuwa zawadi kwa wadogo wote wanaokula chini yake. Yeye anasema kila mwenye kipande cha mamlaka anakitumia kuwabana watu. Kipande! Mlinzi wa mlango ana kipande. Mwenye kidakuo cha karatasi ana kipande. Kapita ana kipande. Asistenti anayeuza silabusi na kuandika majina ya walionunua, huyo pia anacho, na sote tunajua alichofanya na wale ambao majina yao hayakuwemo.

Hapa nina jambo la kuwaonyesha ambalo kwangu ndilo kiini. Tarehe 25 Novemba 1977, mwaka mmoja na miezi minane baada ya barua, Mobutu mwenyewe alisimama mbele ya wanachama wa MPR akatoa hotuba juu ya ugonjwa wa Kizairwa. Alisema nini? Kwamba katika inchi yetu kila kitu kinauzwa, kila kitu kinanunuliwa, na kwamba kushika sehemu yoyote ya mamlaka ya umma kumekuwa kama kushika pesa ya kubadilishana. Akataja haki ya kutibiwa, haki ya mtoto kusoma. Kama ningekata majina na kuwapa vipande hivyo viwili katika mtihani, cha askofu na cha rais, wangapi wangeweza kutofautisha? Mimi ningeanguka.

Basi tofauti iko wapi? Maneno yale yale, malalamiko yale yale. Nimefikiri sana. Nafikiri iko kwenye neno "ugonjwa". Ukisema inchi ina ugonjwa, hakuna mwizi tena, wako wagonjwa tu. Mwenye nyumba Ulaya ni mgonjwa, na yule karani anayeomba makuta ya sukre naye ni mgonjwa, na daktari ni nani? Ni yule anayetoa hotuba. Taifa zima linalaumiwa kwa sauti moja na papo hapo linasamehewa kwa sauti moja. Hata ukosoaji ukawa sehemu ya animasio: watu walimpigia makofi aliyewaambia wameoza. Na miezi miwili tu baada ya barua ya Kabanga, Mei 1976, Mobutu huyo huyo alikuwa amewashauri watu kwamba wakiiba, waibe kidogo na kwa akili. Yote mawili yalitoka kinywa kimoja na hayapigani hata kidogo. Anayesema sote ni wagonjwa anaweza pia kusema muibe taratibu.

Kabanga hasemi inchi ina ugonjwa. Anauliza: wewe, dawa ile ilifikaje sokoni? Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa na taifa. Linajibiwa na mtu aliyebeba katoni.

Kwa hiyo ninaposikia leo "sistemu njo imeoza", ninasikia Mobutu wa 1977, si Kabanga wa 1976, hata kama msemaji ameweka picha ya askofu. Na tunasema hivyo zaidi sisi wenye diploma. Tunapenda inchi sana kwa maneno. Wenzetu wa Goma na Bukavu wanajua bei ya neno "inchi" kuliko sisi wa huku, siwezi kuwafundisha kitu. Lakini huku Lubumbashi nimeona mtu ameweka bendera kifuani siku ya Juni 30 na kesho yake anamwambia mjane kwamba karatasi yake ya parseli haionekani, labda itaonekana kama kuna "ya kutafutia".

Nilisema ukali, basi nisiuache nje ya mlango wa kanisa. Barua ina udhaifu mmoja, na udhaifu huo umekua na umri. Mwaka 1976 shule zilikuwa mikononi mwa serikali, kwa hiyo swali juu ya direkteri halikumgusa padri wala sista. Mwezi wa Februari 1977 mkataba ukatiwa sahihi, shule zikarudi kusimamiwa na makanisa. Mwanzo wa miaka ya 1990 serikali ikawa hailipi walimu kitu cha kuitwa mshahara, na maaskofu wenyewe wakakubali wazazi wachange kumsaidia mwalimu. Tukaiita motivasio. Ilipaswa kuwa ya muda. Ilikaa karibu miaka thelathini, mpaka shule ya msingi ilipotangazwa bure Septemba 2019. Wengi wetu tumerudishwa nyumbani siku ya Jumatatu na kikaratasi mkononi, tena kutoka shule yenye jina la mtakatifu. Sisemi maaskofu walifanya vibaya. Mwalimu naye anakula, na bila motivasio shule nyingi zingefungwa. Mama yangu mzazi alikuwa mwalimu, tulikula ile pesa. Lakini kwa miaka thelathini lile swali la Kabanga juu ya wazazi wanaoingia deni shule zikifunguliwa lilikuwa linatugonga mlango, na sikumbuki mahubiri hata moja yaliyolifungulia.

Kwenye makanisa ya uamsho mambo ni wazi zaidi, sitakaa hapo. Unapanda mbegu ya dola, unavuna gari. Pastori anaonyesha la kwake kama ushahidi. Ni rahisi kumcheka. Tofauti ni kwamba yeye anayasema madhabahuni yale ambayo wengine tunayaamini kimya kimya: kwamba Mungu akikupenda utaonekana kwa mfuko. Mkatoliki anayemcheka pastori huyo halafu anamkalisha kiti cha mbele mheshimiwa aliyeleta saruji, bila kuuliza saruji ilitoka wapi, hana cha kujivunia. Swali "ilifikaje huku?" ni la dawa na ni la saruji pia.

Sasa la kwangu, halafu niache.

Baada ya lisansi nilifanya staji miezi sita kwenye biro moja ya serikali, sitaitaja. Hatukulipwa. Mkubwa wa huduma alitufundisha siku ya kwanza: dosie za watu zinawekwa chini, zinapanda juu taratibu, na inategemea. Hakusema inategemea nini. Wiki ya tatu akaja mama mmoja wa kutoka upande wa Kipushi, anatafuta karatasi ya mwanawe. Nilikuwa nimeiona asubuhi, ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Nikamwambia:

"Mama, haiyatoka. Murudi kesho."

Akaangalia chini, akafungua kitenge kwenye ncha, akatoa noti zimekunjwa.

"Mutoto wangu, niko na hii tu. Kamata, utakunywa sukre."

Nilikamata. Sikuona kiu ya makuta, sikujisikia muuaji. Niliona tu kwamba ni saa sita na sijala. Nikainuka, nikaenda nyuma, nikakaa dakika tano kwa heshima ya uongo wangu, nikarudi na karatasi. Mama akafurahi sana. Akanibariki. Halafu, mbele ya kutoka, akasimama tena kwenye gishe.

"Utaniandikia resi?"

Nikamwambia hakuna resi kwa hii.

"Basi andika tu kwa karatasi, baba, juu mutoto wangu atauliza ile makuta ilienda wapi. Yeye njo alinipatia."

Hakuwa ananikomoa. Alitaka kweli kupeleka hesabu nyumbani. Watu watatu walikuwa nyuma yake wakingoja. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika kiasi, na tarehe. Akasema: "Na jina." Nikaandika jina langu. Akalikunja pamoja na ile nyingine, akafunga kwenye ncha ya kitenge, akaenda.